Kijifupa cha Shina la Mkia

Mukantwari alikuwa na dharau za aina mbili, za kila siku na za sikukuu. Za kila siku alizigawa bila ubaguzi. Alimdharau mkurugenzi wa kituo, Hategekimana, aliyesomea uendeshaji wa ofisi akakabidhiwa nyumba iliyojaa samaki, na ambaye hadi leo aliiita hadubini "ile mashine ya kuchungulia". Aliwadharau vijana wa vinasaba waliotumwa kutoka Kigali na masanduku yao meupe, watu wa kumsaga samaki mzima mpaka awe uji, kisha wakakusimulia habari za ukoo wake bila kuwahi kumtazama usoni. Aliwadharau wageni wa semina waliokula sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, wakauliza kama ziwa lina mamba. Lakini dharau ya sikukuu, ile iliyopigwa pasi na kutunzwa, alimwekea mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Profesa Karangwa.

Kituo chenyewe cha utafiti wa samaki kilikuwa chini ya Kamembe, pale barabara inapokata kona na kuanza kushuka ziwani. Kilikuwa na nyumba mbili za matofali na bohari moja, na ukifungua dirisha unaiona Bukavu ng'ambo, imekaa juu ya rasi zake. Wafanyakazi walitoka pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo lugha ya kazini ilikuwa Kiswahili cha huku, kikichanganywa na Kifaransa na Kinyarwanda kwa kadiri ya hasira ya msemaji. Mukantwari alikulia Bugarama, mtoto wa fundi wa saruji, na hasira hakuwahi kupungukiwa nayo.

Kazi yake ilikuwa viluwiluwi vya samaki, wale watoto waliotoka yaini juzi, wembamba kama uzi wa kushonea. Watu walimcheka. Walisema mtu mzima mwenye shahada tatu anakaa siku nzima akitazama kitu ambacho hata bata hakioni. Yeye aliwaacha wacheke, kwa sababu alijua wasichokijua. Samaki mkubwa ni mwongo. Amekwisha kuvaa umbo la kazi yake, wa miambani amepata meno ya kukwangua, wa matopeni amepata mdomo wa kufyonza, na familia mbili zisizo na uhusiano wowote zinaweza kufanana kwa sababu tu zinakula chakula kimoja. Mtoto bado hajajifunza kudanganya. Mwilini mwake mifupa inatokea mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu aliorithi, na familia mbili zenye utaratibu uleule inafaa ziulizwe babu yao alikuwa nani.

Kuuona utaratibu huo kuna ufundi wake. Unakiweka kiluwiluwi kwenye dawa mpaka nyama inakuwa angavu kama kioo. Halafu unakitia rangi mbili. Ile ya buluu hushika gegedu, yaani mfupa ambao bado ni laini, na ile nyekundu hushika mfupa uliokwisha kupata chokaa na kukomaa. Ukikitazama kwenye hadubini unamwona samaki mdogo wa kioo, na ndani yake vijiti vya buluu na vyekundu, na unajua papo hapo kipi kimekomaa na kipi bado.

Sasa Karangwa. Alikuwa amefundisha nusu ya watu wa samaki wa upande huu wa nchi, na nusu hiyo yote ilikuwa na kidonda alichowatia. Alikuwa akiingia darasani na koti lake la kijivu, akisema "Mimi, Karangwa" kabla ya kila sentensi, kana kwamba kuna mtu amemchanganya na mwingine. Mukantwari alipompelekea mchoro wake wa kwanza, uliomchukua mwezi mzima, aliuinua mbele ya darasa akasema, "Huyu binti iko na macho ya dhahabu na subira ya inzi." Darasa likaangua kicheko. Mchoro ulirudishwa, lakini kile kicheko Mukantwari aliondoka nacho, na alikuwa nacho mpaka leo.

Umaarufu wa Karangwa ulitoka kwenye kijifupa kimoja. Katika ziwa letu kuna samaki aliyeingia kutoka Tanganyika miaka si mingi iliyopita, mwembamba, ubavuni ana madoa ya buluu yanayong'aa, na wavuvi wanamwita tu mgeni. Karangwa alidai kwamba familia ya huyo mgeni na familia ya tilapia ni ndugu wa karibu, ingawa wakubwa wao hawafanani hata kwa kuwaonea huruma. Ushahidi wake ulikuwa kwenye shina la mkia. Katika viluwiluwi vya familia nyingine, alisema, kile kijifupa cha chini hukomaa mapema. Katika hizi mbili peke yake kinachelewa, kinabaki gegedu hadi mtoto amalize kiini cha yai na aanze kuogelea. Baadaye watu wa vinasaba nao wakaja na uji wao wakasema hivyohivyo, kwamba hao ni jamaa. Ila kwenye mwili wenyewe, jambo la kuonyesha kwa kidole, kilikuwepo kijifupa cha Karangwa tu.

Alipostaafu akaenda zake Gitambi kulima kahawa, akaacha bohari imejaa mitungi. Humo mlikuwa na viluwiluwi vya kazi yake yote, vya ziwa, vya Ruhwa, vya vijito vya Giheke, vya mito ambayo siku hizi imegeuzwa mifereji ya mpunga na haina tena samaki wa kuitwa kwa jina. Kila mtungi ulikuwa na formalini, dawa ya kuzuia kuoza, na chini yake vipande vya mawe ya chokaa kutoka Bugarama. Formalini ikikaa muda mrefu hugeuka kuwa asidi, na asidi hula mifupa. Mawe yale yalikuwa ya kuituliza.

Halafu watu wa vinasaba wakaomba mahali pa kuweka majokofu yao. Hategekimana akaenda kusimama mlangoni pa bohari, akatazama mitungi, akatazama majokofu yaliyokuwa yamefunikwa turubai uani, akamwita Mukantwari.

"Docteur, hebu uniambie ukweli. Bile bintu bya muzee biko na maana bado? Kama biko na maana, tutabitafutia mahali. Kama hapana, tunabitupa, na kipande cha ile nyumba kinakuwa cha kwako. Labo ya kwako mwenyewe, na cheo juu yake."

"Nitaangalia," alisema Mukantwari, na sauti yake ilikuwa tulivu kwa namna iliyomgharimu.

Aliingia bohari akachukua mtungi wa rafu ya dirishani, unaopigwa na jua la asubuhi, ambao kifuniko chake kilikuwa na ufa. Akachovya karatasi ya kupimia. Ikageuka nyekundu papo hapo. Asidi! Akainua mtungi akatazama mawe chini yake: yalikuwa yamevaa utando wa kahawia, na jiwe lenye utando halitulizi kitu. Mitungi mingine hakuipima. Ya nini? Mtu anayeacha mtungi mmoja hivyo ameiacha yote hivyo, na hasa mtu mwenyewe akiwa Karangwa.

Alichukua viluwiluwi kadhaa vya mgeni na vya tilapia kutoka mtungi uleule, akavisafisha, akavitia rangi, akavipanga kwenye sahani ya kioo. Siku rangi ziliposhika, alisogeza sahani chini ya hadubini mpaka shina la mkia likakaa katikati ya duara la mwanga. Kijifupa kilikuwa cha buluu. Hakikuwa na tone la wekundu. Akahamia kiluwiluwi cha pili, cha tatu, mkia baada ya mkia, na wote vilevile. Akaelewa yote mara moja, au alidhani ameelewa. Kijifupa hakikuchelewa popote. Kilikuwepo, kimekomaa, na asidi ikakila, na chokaa ilipokwisha rangi nyekundu haikupata pa kushika. Profesa mzima, na koti lake, na "Mimi, Karangwa" yake, alikuwa ameandika historia ya familia mbili za samaki kwa kusoma makombo ya mtungi mbovu. Mukantwari alicheka peke yake, akazima taa ya hadubini, akaiweka sahani kwenye droo.

Kwenye kikao cha kituo hakuwa na huruma. Walikuwepo Hategekimana, vijana wa vinasaba, na wageni wawili kutoka Bukavu. Alisimama na karatasi moja ambayo hakuitazama.

"Prof Karangwa hakuchunguza samaki," alisema. "Alichunguza asidi. Ni sawa muntu anaweka yai ndani ya siki, ganda linayeyuka, kisha anaandika kitabu kwamba kuku ya kwetu inataga mayai bila ganda, na tena anasema hiyo kuku ni ndugu ya chura."

Wakacheka mpaka mmoja wa wale vijana akamwaga chai yake. Mukantwari alisubiri kicheko kipungue, akakiongezea kuni.

"Na ile mawe yake ndani ya mitungi, mimi nilifikiri ni dawa ya kienyeji."

Kikapanda tena. Loo, kilikuwa kitamu! Alikuwa amekingojea tangu ule mchoro, na alikila taratibu, kama mtu anayejua hatakipata tena. Hategekimana, ambaye hakuwa ameelewa habari za asidi lakini alielewa kwamba majokofu yamepata mahali, akasema basi, bohari isafishwe, na kwa heshima mzee aitwe aje achukue kumbukumbu yoyote anayoitaka kabla gari la taka za dawa halijafika.

Mtu mwingine angeridhika. Mukantwari alitaka kumzika Karangwa na kumwekea saruji juu. Alitaka kuandika makala yenye viluwiluwi vipya, vilivyohifadhiwa vizuri, ambamo kijifupa kitaonekana chekundu kwa kila mwenye macho, ili dunia nzima icheke kama kilivyocheka kikao. Kwa hiyo akamwagiza Béatrice, mama wa Bukavu aliyekuwa akivuka daraja la mpaka kila asubuhi na biashara yake ya samaki, amletee tilapia jike mwenye watoto mdomoni, na mayai ya mgeni. Tilapia jike hulea hivyo: akishataga anayakusanya mayai mdomoni, hali, hatafuni, mpaka watoto watoke na wajiweze.

Béatrice alikuja na ndoo mbili, moja ina samaki, nyingine ina mawe yaliyoshikwa na mayai ya mgeni.

"Docteur, mama ya batoto njo huyu. Usimukamate na nguvu, atabatema bote. Mimi nilimubeba pole pole kama muntu anabeba harusi. Pale daraja bantu ba douane, bale ba forodha, bananiuliza, hii samaki ni ya kula ao ya masomo? Nikabaambia ya masomo. Bakacheka sana, bakaniacha nipite."

"Weka hapo."

"Na huyu mugeni, eti banasema ni ndugu ya tilapia? Mbona habafanane?"

Mukantwari alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Wewe na kaka yako munafanana?"

"Aah, kaka yangu iko mubaya sana," alisema Béatrice bila kukasirika, akahamishia samaki na mawe kwenye beseni, akachukua ndoo zake tupu akaenda.

Viluwiluwi vilitoka, vikakua kidogo, na kila vilipofikia kimo alichokitaka Mukantwari alivichukua. Formalini aliichanganya yeye, akaipima asubuhi na jioni, na karatasi haikuonyesha asidi hata mara moja. Hakumruhusu mtu yeyote kuigusa. Kazi ilikuwa safi, na hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa na ubaya wake lakini mkono wake haukuwa na doa. Rangi zilikamilika kushika asubuhi ileile ambayo bohari ilikuwa inasafishwa. Gari la taka lilikuwa limekwisha kuegeshwa uani. Alifunga mlango wa chumba chake ili afurahi bila kusumbuliwa.

Akaweka sahani chini ya hadubini. Kiluwiluwi cha tilapia kilikuwa kizuri ajabu, uti wa mgongo mwekundu, taya nyekundu, fuvu limeanza kuwaka wekundu kwenye pembe zake. Kwenye shina la mkia, kile kijifupa kilikuwa cha buluu.

Alifuta kioo. Akatazama tena. Kilikuwa cha buluu.

Akahamia kwa mgeni. Uti mwekundu, taya nyekundu, kijifupa buluu. Akachukua kiluwiluwi kingine, na kingine. Akasema labda ni wadogo mno, lakini wadogo mno wasingekuwa na fuvu jekundu. Akasema labda rangi ilikuwa dhaifu, lakini taya zilikuwa zinawaka kama pilipili. Akaipima formalini yake mara nyingine, na ilikuwa safi kama alivyoiacha. Visingizio vikamwishia, akabaki na samaki.

Ndipo alipoifungua droo. Akaitoa ile sahani ya viluwiluwi vya Karangwa, akaiweka chini ya mwanga, na safari hii akaisogeza upande wa pili, upande wa kichwa, ambao mara ya kwanza ulikuwa nje ya duara na hakuona haja ya kuuleta. Chini ya shavu la samaki kuna vijiti vya mfupa, vyembamba kuliko kope, vinavyoshikilia ngozi ya koo. Ndivyo vyembamba kuliko vyote mwilini. Asidi ikiingia, hivyo ndivyo vinavyokwenda kwanza, kabla ya kingine chochote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua hilo, na yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha. Katika viluwiluwi vya Karangwa vijiti vile vilikuwa vyekundu. Vilijipanga chini ya kila shavu, vyekundu, vizima, hakuna kilichokosekana.

Asidi inayokula mfupa wa mkia na kuviruka vijiti vile haipo duniani. Mtungi ulikuwa umeharibika, ndiyo, lakini uliharibika juzi tu, kifuniko kilipopata ufa, na asidi ilikuwa bado haijagusa mfupa wowote. Kijifupa kilikuwa cha buluu mtungini kwa sababu kilikuwa cha buluu ziwani. Karangwa alikuwa amesema kweli. Na Mukantwari alikuwa ametazama mkia, akaona alichotaka kukiona, akazima taa.

Kwa kitambo kidogo alifurahi. Tumwandikie hilo, maana halikudumu. Ni furaha ya mtu wa kazi anayeona familia mbili, moja ya ziwa hili na nyingine ya ziwa jingine, zisizofanana kwa lolote, zikikichelewesha kijifupa kimoja kwa namna moja, na yeye ndiye mtu wa pili duniani kuliona. Halafu akakisikia kile kicheko cha kikao. Safari hii alikisikia kikimgeukia yeye, kijana wa vinasaba akimwaga chai upya, na sauti ya mtu ikisema macho ya dhahabu, subira ya inzi.

Alijiambia atashuka aseme. Alijiambia hivyo akiwa ananawa mikono, na akanawa mara mbili. Njiani akaanza kuyapunguza maneno. Atasema kuna mashaka. Atasema labda mitungi michache ibaki kwanza. Atamwambia Hategekimana pembeni, mtu mjinga hauoni umuhimu wa jambo na hatauliza mengi. Alipofika mlangoni pa bohari maneno yalikuwa yamebaki mawili au matatu, na bohari ilikuwa imejaa watu.

Karangwa alikuwa amekwisha kufika. Alikuja kwa pikipiki kutoka Gitambi, viatu vina udongo mwekundu wa shamba, koti la kijivu lilelile limemlegea mabegani. Mukantwari alijaribu kumdharau na akaona bado inawezekana, kidogo. Mzee alikuwa anamfokea mkurugenzi.

"Hategekimana! Bado uko hapa? Mimi nilizani walikupeleka mahali pa kuchunga mbuzi."

"Karibu, Prof," alisema Hategekimana, akicheka kwa adabu ya kazi. "Uchague tu ile unataka kubeba."

"Sibebi kitu." Alimwona Mukantwari mlangoni. Kisha akavua kofia, na hapakuwa na mtu mle ndani aliyewahi kumwona Karangwa akivua kofia kwa mtu. "Njo huyu. Kuja, binti yangu."

Mukantwari akasogea. Wale vijana wa vinasaba walikuwa wamesimama kando ya majokofu na tabasamu zao tayari, wakingoja onyesho la pili.

"Baliniletea maneno yako Gitambi," alisema Karangwa. "Siku ya kwanza nilikutukana mpaka bibi yangu akatoka inje. Siku iliyofuata nikawaza. Ile mawe nilibebaka Bugarama mimi mwenyewe, ndani ya gunia, na tangu niitie ndani ya mitungi sikuibadilisha hata mara moja. Sikuwaza kama mawe nayo inakufa. Miye, Karangwa!" Alicheka kidogo, kicheko kikavu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kama ni mwingine alisema, ningekuja hapa na fimbo. Hawa batoto ba uji, ningebachapa. Lakini ni weye. Mimi nilifundisha bantu wengi, na macho kama ya kwako sikuonaka tena. Sikukuambia hivyo mbele ya bantu. Nilikuambia kingine, nakumbuka."

Hategekimana alitazama saa yake.

"Jambo moja tu nakuuliza," Karangwa akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya darasani, kavu, ya mtu anayerudi kwenye kazi. "Kichwa uliangalia? Ile vijiti ya chini ya shavu. Ilikuwa na rangi nyekundu, ao ilikuwa imekwisha?"

Kila kitu kilikuwa hapo. Neno moja lingetosha, na mitungi yote ingebaki kwenye rafu zake, na mzee angerudi Gitambi na kijifupa chake. Mukantwari aliwatazama vijana na tabasamu zao. Alimtazama mkurugenzi, ambaye alikuwa amemwahidi ile labo, maabara yake mwenyewe. Kilichomjia mdomoni kilikuja chepesi, kwa sababu alikuwa na mazoezi ya miaka mingi ya kusema jambo kwa uhakika.

"Niliangalia," alisema. "Ilikuwa imekwisha."

Karangwa akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Akavaa kofia.

"Prof," alisema Hategekimana, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitaka kuwa muungwana, "kama unataka kuona wewe mwenyewe, ile sahani iko kwa chumba cha Docteur, hapo juu tu. Gari itangoja."

"Nione nini?" Karangwa alimkatiza, amekasirika kweli. "Wewe unajua nini ya bintu hivi? Mukantwari ameona."

Akageukia rafu, akauchukua mtungi wa kwanza kwa mikono miwili, akaanza kufungua kifuniko ili amwage vilivyomo. Kilikuwa kimeshika. Akamnyooshea Mukantwari amsaidie.